Boya la Pili

Boya la kwanza tulilila.
Si kwa meno, la:
paneli yake ilichaji simu kwa Okwiri, shilingi ishirini kila simu,
betri ikapiga muziki kwenye matanga mawili,
na mnyororo (naona haya kuuandika)
ulimfunga fahali wa shemeji yangu msimu mzima.

Mimi ni karani wa ufuo wa Ogal.
Daftari la samaki ni langu, kalamu ni ya kamati.
Siku ile niliandika: *Boya limepotea. Sababu: mawimbi.*
Mawimbi hayana spana namba kumi na saba.

Watu wa utafiti walilileta Jumapili, tukiwa kanisani.
Wakalitia nanga pale pale Odera anapotega nyavu,
wakapiga picha, wakaenda zao.
Jioni tukaona kitu cha manjano kinatukonyeza kutoka majini.
Wako waliosema kinahesabu nyavu haramu.
Wako waliosema kinatuhesabu sisi.
Asiyebisha hodi, nani amvutie kiti?

Kisha Agosti ziwa likageuka.
Maji ya chini yalipanda juu, mazito, rangi ya chai iliyolala,
na vizimba vya kina Perez Adoyo vikakucha
vimejaa matumbo meupe.
Ngege elfu nne na ushei. Tuliwahesabu kwa sepetu.
Mkopo haukufa.
Mkopo haujui kuelea tumbo juu.

Perez alikuja mezani pangu, mikono bado inanuka.
"Karani, lile boya lingejua?"
Nikajifanya natafuta ukurasa.
"Lingejua usiku wa manane, mama.
Wewe umejua alfajiri."

Hakwenda polisi.
Alikwenda zizini kwa shemeji, akafungua fahali,
akautia mnyororo kikapuni, chini ya omena,
akaupeleka mjini Kisumu hadi ofisi ya watafiti,
akaumwaga juu ya meza yao safi, kutu na samadi.
"Hiki ndicho kilichobaki," akasema. "Tuanzie hapa."

Daktari Mutuli akaja Alhamisi, siku isiyo ya ibada wala soko.
Viatu alivivua mwenyewe, akauliza:
"Mngeliweka wapi ninyi?"
Odera, ambaye hajawahi kuulizwa lolote ila leseni,
akaokota kaa la moto lililozimika
akachora ziwa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa:
hapa mkondo, hapa hupita magugu,
hapa weka, hapa usiguse, hapa mamangu alizama.
Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Usidhani tulipatana.
Tuligombana hadi mizani ya samaki ikalala njaa.
Mafuta ya boti la mlinzi, nani analipa?
Mwenyekiti alitaka jina lake liandikwe ubavuni mwa boya.
Wakaanga samaki walitaka onyo lije kwa sauti, kwa Dholuo,
maana si kila jicho linasoma, na usiku hakuna miwani.
Hilo walipewa. Mwenyekiti hakupewa.

Usiku mmoja Okwiri akabisha kwangu,
paneli kaivika shuka kama mtoto mgonjwa.
Hatukumuuliza.
Tulimpa kazi: kila Ijumaa apige kasia
akafute mavi ya ndege juu ya boya.
Nani anaijua paneli ile kumshinda yeye?

Machi, saa tisa usiku, simu kumi na tisa zikalia pamoja.
Sauti ya binti yake Perez, iliyorekodiwa shuleni kwao:
*Pumzi inapungua majini. Amkeni.*
Tochi zikateremka ufuoni, kanga juu ya makoti,
vizimba vikavutwa hadi kwenye maji yanayopumua.

Walikufa mia tatu na sita.
Perez aliwahesabu kwa mkono, mmoja mmoja.

Asubuhi nilirudi ukurasa ule wa zamani.
Nimelikata neno *mawimbi*.
La kuweka mahali pake ninalijua,
lakini kalamu ni ya kamati.